Kolaji ya kurasa za majarida: badilisha karatasi kwanza, mkasi baadaye

Kila ninapoonyesha kolaji, yaani picha za vipande vya karatasi vilivyobandikwa, hapa Kisumu, maswali ya wanaoanza huwa yale yale. Gundi gani? Mbona karatasi inajikunja? Nta inatokaje? Na lile linaloulizwa kuliko yote: nifanyeje ili picha yangu isionekane kama matangazo yaliyokatwakatwa? Nimeandika mwongozo huu ili majibu yakae mahali pamoja. Unamfaa hata mtu ambaye hajawahi kubandika kipande kimoja.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Wengi huanza na mkasi. Wanakata uso mzuri, gari, chupa ya soda, wanabandika, halafu wanashangaa kwamba bado wanaona uso, gari na chupa ya soda. Wewe anza na karatasi. Usikate chochote mpaka kurasa zako ziwe zimesuguliwa, zimepakwa nta, zimepigwa rangi na kupoteza sura ya jarida zilikotoka. Hapo ndipo zinakuwa karatasi zako. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amejulikana duniani kwa picha zenye vipande vya majarida na michoro ya zamani ya vitabu vya tiba. Ukizitazama vizuri utaona vipande hivyo vimeingiliana na rangi na wino hadi vimekuwa kiumbe kingine kabisa.

Nadharia ni fupi. Njia ninazoziita hapa za kuzuia rangi zote hufanya jambo moja: unaweka kitu kisichopitisha maji, kama nta, gundi iliyokauka au tepu, mahali ambapo hutaki rangi ishike, kisha unapaka rangi juu. Anayejua batiki anajua hili tayari.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ufuo wa Ziwa Victoria pale Dunga, hapa Kisumu, kwenye kibao cha ukubwa wa A3. Sehemu zake ni nne: anga, maji, mafunjo na mtumbwi mmoja. Usiongeze watu wala nyumba kwenye kazi yako ya kwanza.

Vitu vya kuwa navyo

Majarida kuukuu, matatu au manne. Yatafute kwa wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara, na Kibuye siku ya Jumapili, soko linapojaa. Nakuru pia wauza vitabu vya mitumba wanayo. Saluni na vinyozi hutupa majarida kila mara, omba kwa adabu utapewa. Vijitabu vya bei vya supamaketi vina karatasi ya kung'aa, lakini ni nyepesi. Vitumie kwa majaribio.

Msasa laini, namba 220 au 240. Ule wa fundi wa mbao wa namba 80 utatoboa ukurasa mara moja.

Mishumaa miwili mitatu ya kawaida, ile myeupe. Ya rangi huacha madoa.

Gundi nyeupe ya mbao kutoka hadiwea. Usinunue gundi ya vijiti vya wanafunzi kwa kazi hii. Ni rahisi, haichafui mikono, na vipande vinaanza kubanduka pembeni baada ya muda mfupi.

Rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, mkebe mdogo kabisa, pamoja na vichupa vya rangi ya kuchanganyia vinavyouzwa hadiwea hiyo hiyo. Buluu, kijani, nyeusi na ya udongo zinatosha.

Kibao: hadibodi au plaiwudi nyembamba. Kadibodi ya katoni inawezekana, ila soma kwanza nilichoandika kuhusu kujikunja.

Vingine ni vya nyumbani: brashi mbili za inchi moja, sponji iliyokatwa vipande, vitambaa vikuukuu, magazeti ya kutandika, pasi, mkasi, wembe wenye mshikio, tepu ya mafundi wa rangi, kadi ngumu ya plastiki ya kukandamizia, na barakoa kwa ajili ya vumbi la msasa. Ukipata ungo, mkeka au kipande cha wavu wa zamani wa omena, weka karibu. Utaona sababu.

Jaribu ukurasa kabla ya kuupenda

Si kila karatasi inafaa. Lowesha kidole, sugua pembe ya ukurasa kwa muda mfupi. Karatasi nzito ya majarida mengi imepakwa tabaka la udongo mweupe juu yake, na wino umekaa juu ya tabaka hilo bila kuzama ndani. Ukiona uji mwembamba mweupe kidoleni na wino unaanza kulegea, ukurasa huo utakutumikia. Gazeti la kawaida ni kinyume: wino umezama kwenye nyuzi za karatasi, msasa hautoi kitu ila tundu, na karatasi yenyewe hugeuka manjano baada ya miezi kadhaa ikipigwa na mwanga. Gazeti litandike mezani.

Halafu chana kipande, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Upande mmoja utachanika moja kwa moja, mwingine utapinda ovyo. Ule uliochanika vizuri ndio unaofuata mwelekeo wa nyuzi. Weka alama ya penseli nyuma, itakusaidia tukifika kwenye gundi.

Hatua

1. Ng'oa kurasa na uzipange kwa rangi. Usisome. Usitazame picha ni ya nini. Geuza kurasa juu chini ukilazimika, kisha tengeneza mafungu: buluu na kijivu kwa maji, kijani kwa mafunjo, hudhurungi kwa mtumbwi, na zile zilizopauka kwa anga. Tangazo la gari jipya mara nyingi lina anga kubwa la buluu linaloteremka kutoka nzito hadi nyepesi, na hilo ni maji mazuri sana. Chukua kurasa mara mbili ya unazodhani utahitaji, maana nyingine zitaharibika.

2. Sugua kwa msasa. Laza ukurasa juu ya kitu laini kabisa, kigae au kioo cha dirisha. Chembe moja ya mchanga chini yake itatoboa. Vaa barakoa. Kunja msasa mara tatu, shika ukurasa kwa mkono mmoja, na usugue kuelekea nje ya mkono huo, upande mmoja tu. Ukienda mbele na nyuma ukurasa utajikunja na kuchanika. Mara za kwanza utaona mng'ao umepotea. Endelea kidogo na mistari myeupe itaanza kujitokeza katikati ya buluu, myembamba, mingine imekatika. Kwa maji ya ziwa sugua kwa mlalo tu. Kwa mafunjo sugua kwa wima. Acha mapema kuliko unavyotaka: sura au herufi zikishafifia kiasi cha kutotambulika kwa haraka, inatosha. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu, na usilipulize, litaenda kukaa kwenye rangi.

3. Pitisha mshumaa juu ya ungo. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Laza ukurasa uliosuguliwa juu ya mgongo wa ungo, uso wa ukurasa ukiwa juu. Vunja mshumaa uwe na urefu wa kidole, ulaze kwa ubavu, na uupitishe juu ya karatasi kwa nguvu ya wastani. Ule ufito wa ungo uliopanda juu utashika nta. Ule ulioshuka chini hautashika. Hutaona chochote ukitazama kutoka juu. Inamisha ukurasa kuelekea dirishani na mchoro mzima wa ususi utang'aa: miraba midogo, mmoja ukipita juu ya mwingine. Mkeka unatoa mistari mirefu inayofaa mafunjo. Soli ya kandambili hutoa vidoti. Ukuta wa matofali, mti wa mwembe, mfuniko wa chuma wa mtaro, vyote vina michoro yake, nawe utaanza kutembea mjini na mshumaa mfukoni.

   Onyo: weka nta pale tu unapotaka ionekane katika picha ya mwisho. Mahali ambapo kipande kingine kitabandikwa juu pasiwe na nta. Nta na gundi hazielewani, na kosa hili ni gumu kulirekebisha baadaye.

4. Paka rangi juu ya nta. Changanya rangi ya maji na maji safi hadi iwe nyepesi kama maziwa. Kwa maji ya ziwa, nyeupe kidogo, buluu, na tone moja la nyeusi. Paka mara moja kwa brashi pana, bila kurudia, kwa sababu kurudiarudia kunaisukuma rangi ipande juu ya nta. Subiri rangi ianze kupoteza unyevu lakini isikauke, kisha pitisha kitambaa laini chenye unyevunyevu mara moja, kwa wepesi. Rangi iliyokaa juu ya nta itatoka, na miraba ya ungo itaonekana ikiwa na rangi ya asili ya ukurasa, imezungukwa na ziwa. Kisumu mchana wa jua kali hali hii inafika haraka sana, kwa hiyo shughulikia ukurasa mmoja mmoja. Nakuru, ambako ni juu zaidi na kuna baridi, una muda wa kupumua.

5. Toa nta kwa pasi. Subiri rangi ikauke kabisa. Tandika magazeti matatu chini, weka ukurasa, funika kwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi, kisha piga pasi ya joto la chini, isiyo na mvuke. Weka, hesabu hadi tano, inua. Usikokote pasi. Karatasi ya juu itaonyesha madoa ya mafuta; ndiyo nta inatoka. Badilisha karatasi na urudie hadi madoa yaishe. Ukitumia gazeti juu, wino wake utahamia kwenye kazi yako. Fungua dirisha, na usiondoke ukaiacha pasi juu ya karatasi hata kwa kupokea simu. Nta haitatoka yote. Itabaki ya kutosha kuukataa unyevu, lakini ukurasa hautanata tena mkononi.

6. Chora kwa gundi. Kwa mafunjo tunatumia njia ya pili. Weka gundi nyeupe kwenye chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, hata ile ya matone ya macho iliyooshwa vizuri. Juu ya ukurasa wa kijani chora mistari mirefu ya wima, na juu ya kila mstari mwale wa mistari mifupi inayotawanyika, kwa maana funjo lina kichwa chenye nywele. Acha hadi gundi iwe angavu kabisa. Ikiwa bado ni nyeupe katikati, haijakauka. Iache hadi kesho. Kisha paka rangi ya kijani kibichi iliyokolea na weusi, na upanguse kabla haijashika. Mistari ya gundi itabaki na kijani cha jarida, imeinuka kidogo, unaweza kuigusa kwa kidole. Tofauti na nta, gundi hii haitolewi. Inabaki ndani ya kazi, na gundi nyingine inashika juu yake bila shida.

7. Tumia wavu na tepu. Kwa anga, tandaza kipande cha wavu juu ya ukurasa uliopauka, kikaze kwa tepu pembeni, na ugonge rangi nyeupe kwa sponji iliyokaribia kukauka. Gonga, usipake. Sponji ikiwa na rangi nyingi, rangi inapenya chini ya nyuzi na kila kitu kinakuwa doa moja. Inua wavu wima, bila kuuburuta. Kama unataka mstari ulionyooka, kwa mfano upeo wa ziwa, tumia tepu ya mafundi wa rangi; ila ibandike kwanza kwenye suruali yako na kuibandua mara mbili ili makali yake yapungue, la sivyo itaondoka na ngozi ya ukurasa. Ibandue rangi ikiwa bado na unyevu, polepole, ukiikunja nyuma juu yake yenyewe.

8. Tengeneza mtumbwi. Hapa acha jarida lionekane kidogo. Tafuta ukurasa wa mbao, ngozi au nywele, usugue kidogo tu, usiweke nta. Jicho linahitaji mahali pamoja pa kutua, na mahali hapo pawe pakavu na wazi kuliko sehemu nyingine.

9. Sasa shika mkasi. Chana kwa mkono vipande vya maji na anga. Uso wa picha ukiwa juu, ukivuta kipande kuelekea kwako, ukingo mweupe unabaki kwenye kipande hicho. Ukisukuma, unabaki kwenye kipande cha pili. Ukingo huo mweupe ni povu la mawimbi bila kutumia rangi, kwa hiyo amua unautaka upande upi. Mafunjo yakate kwa mkasi, membamba, yasilingane urefu. Mtumbwi ukate kwa wembe juu ya kadibodi.

10. Panga bila gundi. Weka kila kitu juu ya kibao, kuanzia anga, kisha maji, mafunjo, na mtumbwi mwisho. Sogeza. Toa. Piga picha kwa simu, kisha itazame kwenye simu ikiwa ndogo. Kosa la mpangilio linaonekana haraka zaidi hivyo. Huu ndio wakati wa kufunga dirisha na kuzima feni. Upepo wa ziwa wa alasiri umeharibu mipangilio mingi mizuri.

11. Andaa kibao. Kipake gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mbele na nyuma, na ukiache kikauke. Usipofanya hivyo kibao kitakunywa gundi yote ya vipande vyako.

12. Bandika. Anza na vilivyo chini. Paka gundi nyuma ya kipande na pia kwenye kibao, tabaka jembamba. Subiri karibu dakika moja. Karatasi ikilowa inatanuka, hasa kukatisha mwelekeo wa nyuzi, na ukiibandika kabla haijamaliza kutanuka itatanukia kwenye kibao na kutoa mikunjo. Laza katikati kwanza, kisha sukuma hewa kuelekea pembeni kwa kadi ya plastiki ukiwa umefunika kipande kwa karatasi ya nailoni. Nyuzi za vipande vikubwa zielekee upande mmoja. Pangusa gundi iliyotoka pembeni mara hiyo hiyo.

13. Kandamiza. Funika kwa karatasi ya nailoni, weka ubao mwingine juu, kisha vitabu vizito au mtungi wa maji. Acha usiku kucha. Usianike juani. Jua linakausha uso kabla ya chini, na picha inapinda.

14. Malizia kwa vanishi ya maji. Tabaka la kwanza jembamba, kwa mlalo. Likikauka, la pili kwa wima. Vanishi ya mafuta ya samani hugeuka manjano na maji yako ya ziwa yatakuwa ya chai. Kwenye sehemu zilizokuwa na nta vanishi inaweza kujikusanya kama matone. Ili kuepuka hilo, piga pasi tena kabla ya hatua ya 12, kwa sababu baada ya hapo umechelewa.

Kuhusu ile dawa ya machungwa

Wengi wameona video za Marekani ambapo mtu anapaka kisafishaji cha mafuta ya maganda ya machungwa kwenye kurasa za National Geographic, anafunga jarida, anasubiri, akifungua wino umeyeyuka na kutengeneza mapovu na mishipa ya ajabu. Ni kweli inafanya kazi. Mafuta hayo yanalegeza wino, na karatasi ya jarida hilo yenye tabaka la udongo inauacha utembee. Ukibahatika kupata kisafishaji cha namna hiyo, tumia kile kilichokolezwa, vaa glavu, fanya kazi nje, mbali kabisa na jiko, maana mvuke wake unashika moto. Juisi ya chungwa haitafanya lolote, kwa kuwa kinachofanya kazi ni mafuta ya ganda.

Lakini nasema kwa msisitizo: usitumie petroli badala yake. Wala mafuta ya taa, wala thina ndani ya nyumba. Nimesikia vijana wakishauriana hivyo na inanitia hofu, hasa katika chumba kimoja ambamo watu wanapika na kulala. Msasa na mshumaa vitakupa karatasi nzuri bila kumhatarisha mtu yeyote.

Amerikani na unga

Ukishazoea kurasa, ongeza kitambaa. Chukua amerikani iliyofuliwa, ikaze kwenye ubao. Koroga unga wa ngano na maji kwa kipimo sawa, chuja madonge, upake kitambaani kwa unene wa ganda la yai, na uache ukauke hadi kesho. Utajikunja wenyewe; ukunje zaidi kwa mikono ili upasuke. Sugua rangi nzito ndani ya nyufa, iache ikauke, kisha loweka kwenye beseni na ukwangue unga wote utoke. Utabaki na mtandao wa mistari myembamba kama ardhi ya kiangazi iliyopasuka. Kipande kidogo cha kitambaa hicho kinafaa sana kuwa ufuo kwenye picha yetu. Hakikisha unga wote umetoka, vinginevyo mende watakuja kula kazi yako.

Kwa sababu hiyo hiyo sibandiki kolaji kwa uji wa unga. Ndiyo, nyumba nyingi za mashambani huku magharibi mwa Kenya zilibandikwa magazeti ukutani kwa uji, na yalikaa. Lakini yalibandikwa upya kila yalipoliwa, na picha yako haitapata nafasi hiyo.

Mambo yakienda kombo

*Karatasi imetoa mapovu baada ya kukauka.* Hewa ilibaki ndani. Toboa povu kwa ncha ya sindano, ingiza gundi nyepesi kwa sindano ya plastiki isiyo na ncha au kwa kijiti cha kuchokolea meno, kandamiza tena. Mikunjo mirefu haitoki. Ifunike kwa funjo.

*Kibao kimepinda.* Upande mmoja umevutwa na gundi, mwingine haukuvutwa na chochote. Bandika karatasi nzito nyuma yote kwa gundi ile ile, kandamiza siku mbili. Kadibodi ya katoni hupinda karibu kila mara, kwa hiyo ibandike karatasi nyuma kabla hujaanza upande wa mbele.

*Rangi haishiki kwenye ukurasa hata pasipo na nta.* Mng'ao haukutoka wote. Rudi kwenye msasa, au tia gundi kidogo ndani ya rangi yako.

*Rangi imeshika hadi juu ya nta.* Ama rangi ilikuwa nzito, ama ulichelewa kupangusa, ama mshumaa ulipita kwa wepesi. Ongeza maji kwenye rangi na nguvu kwenye mkono, siyo vyote kwa pamoja. Jaribu kimoja kwanza ujue kosa lilikuwa wapi.

*Wino umetoka nilipopaka gundi.* Baadhi ya kurasa, hasa zilizochapishwa kwa printa ya wino ya ofisini, huyeyuka kwa maji. Zipuuze, au zipelekwe dukani zikatolewe kopi kwa mashine ya leza, ambayo wino wake hautoki kwa maji.

*Kipande kimebanduka ukingoni.* Kama kilichoko chini yake kina nta, kwangua nta hiyo taratibu kwa wembe, sugua kwa msasa, kisha gundi. Kama hakina nta, gundi ilikuwa kidogo pembeni. Wengi hupaka katikati na kusahau kingo.

*Herufi za upande wa pili zinaonekana.* Karatasi nyembamba hufanya hivyo inapolowa. Paka nyuma yake rangi nyeupe isiyochanganywa na maji, iache ikauke, ndipo ubandike.

*Picha imeanza kupauka.* Wino wa majarida haukutengenezwa kudumu, na jua letu la karibu na ikweta halina huruma. Tundika ukuta usiopigwa na jua la moja kwa moja. Vanishi inazuia unyevu na vumbi, haizuii jua. Sehemu ulizopaka rangi ya ukutani zitadumu muda mrefu kuliko zilizobaki na wino mtupu, na hiyo ni sababu nyingine ya kubadilisha karatasi zako vya kutosha.

*Msimu wa mvua kila kitu kinanata.* Kati ya Machi na Mei gundi na vanishi huchukua mara mbili ya muda. Usirundike kurasa zilizopakwa rangi moja juu ya nyingine. Weka karatasi ya kuokea au nailoni katikati, na zihifadhi zikiwa zimelala ndani ya bahasha kubwa, mbali na sakafu.

*Je, naweza kuuza?* Picha za majarida zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inawalinda wapiga picha kama inavyokulinda wewe. Sura ya mtu maarufu au picha nzima iliyobandikwa ilivyo, kisha ukachapisha nakala za kuuza, inaweza kukuingiza kwenye mgogoro. Kwa kazi ya kuuza chagua kurasa za anga, ukuta, kitambaa na majani, zisugue na uzipake rangi hadi asili yake isitambulike, na andika nyuma ya kibao jina lako, mwaka, na vitu ulivyotumia: karatasi, nta, gundi, rangi ya maji. Mnunuzi atakayetaka kuisafisha au kuiweka fremu atahitaji kujua kwamba ndani yake kuna nta, na kwamba haitakiwi kuwekwa karibu na joto.